Mkono wa Ganzi na Maji ya Moto

Mkono wangu wa kulia uliunguzwa na watu wanaonipenda, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi. Ungeunguzwa na adui, ningejua pa kuipeleka hasira yangu. Ningesimama mlangoni kwake nikamwambia maneno yake, kisha nikarudi kwangu nikalala. Lakini nimeunguzwa na dada yangu wa tumbo moja, kwa uzembe wa mwanangu wa kumzaa, siku ile ile niliyotibiwa vizuri na madaktari waliojua kazi yao. Nimlaani nani?

Mimi sikutiwa skuli. Nimemwita mjukuu wangu aketi na kalamu, nami nasema, yeye aandika. Nimemkataza kunipunguzia makali. Mkono huu ndio ulioshona kofia tangu ujana wangu, kofia za mkono za vitobo, ambazo dole gumba na kidole cha shahada vyahitaji kuhisi uzi kabla macho hayajauona. Asiyejua maana ya vidole viwili hivyo na asome polepole.

Nianze na mtulinga. Mtulinga ni ule mfupa uliolala juu ya kifua kutoka kooni hadi begani, ambao mtu akikonda huonekana kama mpini. Wangu ulivunjika mchana kweupe hapa Kisauni, nikiwa nimesimama kando ya barabara na kikapu changu, nangoja njia iwe tupu. Ilipita pikipiki iliyofungwa magodoro ubavuni, dereva mwenyewe haonekani, na magodoro yale yakanizoa kama ufagio unavyozoa taka. Nikaangukia bega. Nikausikia mfupa ukilia ndani yangu kama kijiti kikavu cha kuwashia jiko.

Yule kijana alisimama, hilo nampa. Akaja mbio, macho yamemtoka.

"Pole, mathe! Pole sana, mathe!"

"Mathe ni nani?" nikamuuliza nikiwa bado chini. "Nilikuzaa mimi?"

"Hapana, mathe."

"Basi salimu kwanza, ndipo uombe radhi."

"Shikamoo," akasema, na watu waliokwisha kukusanyika wakacheka, mimi nimelalia viazi vyangu.

"Marahaba. Sasa niinue kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukiugusa, nitakung'ata."

Nikapelekwa hospitali moja ya huku huku Kisauni. Mwanangu akatoka kazini kwake Kipevu, anakoshughulika na makontena, akanikuta nimeshapigwa picha. Daktari wa mifupa akaja na picha ile akainyanyua kwenye mwanga, akaanza kueleza. Akaeleza vizuri sana. Mfupa umekatika na vipande vimepandana, ncha moja inaisukuma ngozi kutoka ndani, ukiachwa hivyo huenda ukaitoboa. Kwa hivyo utafunguliwa, uwekwe sawa, ufungwe bamba la chuma kwa skurubu. Maneno yote hayo alimwambia mwanangu. Mwanangu ni mrefu, na anajua Kiingereza cha bandarini. Mimi niliketi baina yao kama mzigo unaosubiri kujadiliwa ushuru.

"Tutamlaza kabisa," daktari akamwambia. "Hatajua lolote."

"Hatajua nani?" nikauliza.

Wakatazama chini wote wawili, kana kwamba kikapu kimesema.

Nikawaambia kwamba nusukaputi siitaki. Si kwa woga. Nilipotolewa mawe ya nyongo miaka iliyopita nililazwa kwa nusukaputi, na nilipozinduka akili zangu hazikurudi pamoja nami. Nilikaa siku kadhaa nikimwita mwanangu kwa jina la marehemu baba yake, nikiamrisha watu waniteremshie nazi darini, na nyumba yenyewe haina dari. Nilihadithiwa hayo baadaye na watu waliokuwa wakijizuia wasicheke. Mtu aliyeishi kwa heshima hapendi kuhadithiwa mambo yake mwenyewe.

Hapo ndipo akaitwa daktari wa usingizi. Alikuwa binti mdogo kwa umri, lafudhi yake ya bara kwao, Kiswahili chake cha kukanyagakanyaga. Lakini alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya siku ile: alivuta kiti, akaketi, macho yake yakawa sawa na yangu.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna njia nyingine. Hatukulazi wewe. Tunaulaza mkono peke yake."

Akanieleza kwamba mkono una mishipa ya fahamu inayopeleka habari kichwani, na kwamba yote hupita shingoni kabla ya kushuka. Akiizungushia dawa ya ganzi pale shingoni, bega na mkono vitanyamaza. Ngozi iliyo juu ya mtulinga yenyewe ina mishipa yake mingine, kwa hivyo sindano zitakuwa mbili. Nami nitakuwa macho, nikizungumza naye akiketi kichwani pangu.

"Na mkono utarudi?"

"Utarudi. Kesho alfajiri hivi utaanza kuamka. Lakini nikuambie yote, nyanya, usije ukashtuka. Jicho la upande huo huenda kope ikalegea. Sauti huenda ikakwaruza. Pumzi utaiona kama imepungua kidogo. Na kidole cha mwisho huenda kisilale sana, kwa sababu mshipa wake uko chini na dawa haifiki vyema. Haya yote yatapita pamoja na ganzi."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Ndiyo maana hasira yangu kwake ilichelewa kuja, lakini ilikuja.

Mwanangu hakuridhika. Akaniinamia sikioni. "Mama, utakuwa macho huku wanaume wanakukata?"

"Kwani nikilala watageuka kuwa wanawake?"

Yule binti akageuza uso akatazama ukuta. Nikatia dole gumba langu mwenyewe kwenye karatasi yao, mambo yakaisha.

Siku ya kupasuliwa nilivuliwa leso zangu nikavikwa guo la kijani lisilo na mgongo. Yule binti akanipaka shingoni mafuta baridi, akapitisha kidude kama kipande cha sabuni, na kwenye kioo cha mashine pakatokea picha ya kijivujivu. Nikamwambia, "Mashine hii si ndiyo ya kutazamia mimba?" Akasema ndiyo hiyo hiyo. "Basi tafuta vizuri," nikamwambia, "umri huu usije ukanipa habari." Akacheka hata akaondoa sindano, akasema nisimchekeshe tena. Kisha akanionyesha kwenye kioo vidoa vyeusi vilivyopangana kama choroko, akasema, "Hiyo ndiyo mishipa ya mkono wako." Nikaitazama. Mtu huishi na mwili wake umri mzima na hajapata kuonana nao.

Sindano ziliuma kiasi cha kuumwa na nyuki, si zaidi. Joto likashuka begani, likaja kwenye kisukusuku, yaani kiwiko, na mkono ukaanza kuwa mzito, kisha ukawa si wangu. Niliuona pale ubavuni. Nilijua ni wangu kwa pete.

Wakanitandikia nguo mbele ya uso, wakaanza. Sikuhisi kisu. Nilihisi kuvutwa na kusukumwa, kama mtu anayetengeneza meza nami nimeiegemea. Nikasikia keekee ikizunguka kwenye mfupa wangu. Na nikasikia mazungumzo yao. Walizungumza mpira, nani kafungwa na nani kauza mechi. Wakamzungumza mwenzao ambaye mkewe ameagiza sofa isiyopita mlangoni. Katikati ya sofa yule daktari wa mifupa akauliza, "Bibi amelala?"

"Sijalala," nikasema kutoka nyuma ya pazia. "Na sofa hiyo itolewe miguu kwanza."

Wakacheka wote. Nilishonwa, nikafungwa, mkono ukatiwa kwenye tanzi la kitambaa shingoni. Nalisema hili kwa sababu nataka ijulikane kwamba kazi ilifanywa vizuri, na kwamba nilikuwa na masikio yangu muda wote ilipokuwa ikifanywa. Kila aliyekuwamo mle alijua kwamba nasikia.

Alasiri wakasema nirudi nyumbani, vitanda havitoshi. Nikiwa nimeketi kwenye kiti cha magurudumu nilimwona muuguzi amesimama na mwanangu mlangoni, akimhesabia mambo kwa vidole. Mwanangu akitikisa kichwa: sawa, sawa, sawa. Nikadhani ni habari za vidonge. Sikuulizwa, nami nilikuwa nimechoka, nikamwachia.

Tukarudi kwa tuktuk. Mwanangu akanilaza, akamwambia mkewe, "Mama yuko salama, mwacheni apumzike." Hayo tu. Kisha akaondoka kwenda kuwahi zamu yake. Mambo yote yale yaliyohesabiwa kwa vidole akayabeba kifuani kwake, akayapeleka Kipevu kwenye makontena.

Sasa nieleze habari za dada yangu. Dada yangu mdogo ni mkandaji. Mwanamke akijifungua mtaani petu, huitwa yeye na sufuria lake la maji ya moto na majani ya mwarobaini. Mzee akipooza, huitwa yeye. Mikono yake imezoea moto hata hutia nguo ndani ya maji yanayotokota, akaitoa na kuikamua, asiseme ah. Kwa hivyo hapimi moto kwa mikono yake. Humpima yule anayekandwa. Ukisema "uwii," apunguza. Ukinyamaza, aongeza. Ndivyo alivyofundishwa na mama yetu, na mama yetu na mama yake, na umri wangu wote sijasikia mtu aliyeunguzwa kwa kukandwa, kwa kuwa kipimo ni kinywa cha mgonjwa mwenyewe.

Akaingia na jirani mmoja kuja kuniangalia. Hata salamu hakumaliza.

"Yallah! Jicho! Hebu mtazame jicho!"

"Limelegea," jirani akasema.

"Si kitu," nikasema. Sauti ikatoka kama mlango wa bati unaoburuzwa.

"Wasikia sauti hiyo? Ulimi ushakuwa mzito."

"Ulimi wangu mzima. Ni dawa. Daktari aliniambia."

"Dada, inua mkono."

"Hauinuki. Umelazwa."

"Hauinuki!" Akamgeukia jirani kama shahidi. "Mwenyewe asema hauinuki. Jicho, sauti, mkono, vyote upande mmoja. Hiki ni kiharusi, wallahi. Wamemkata, kiharusi kikampiga pale pale, wakamrudisha nyumbani wasije wakaulizwa."

"Ewe mwanamke, nimekwambia ni dawa ya ganzi!"

"Na mama mkwe wangu alisema hivyo hivyo," jirani akaongeza, "asema ni usingizi tu. Akapooza mwaka mzima."

"Mama mkwe wako alitiwa chuma begani?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Hakunyamaza. Mke wa mwanangu naye akaanza kulia kimya kimya, akijifuta kwa ncha ya leso. Nikawaambia wampigie mwanangu simu aje awaeleze. Wakapiga. Simu ikalia hata ikachoka, kwa kuwa kule kazini hawashiki simu wakati wa zamu. Dada yangu akapiga magoti kando ya kitanda, machozi yanamtiririka, akanibembeleza kama nilivyombembeleza yeye udogoni mwake. Kiharusi kikikandwa siku ile ile hutoka, akasema. Kikilala, basi tena. Ataniachaje nipooze naye yupo? Watu watasema nini? Mama yetu kaburini atasema nini?

Nikafikiri. Kiharusi sina, hilo nalijua. Bega halitaguswa, limefungwa. Kukanda hakujapata kumdhuru mtu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na kwa niliyokuwa nimeambiwa ilikuwa fikira sawasawa.

"Kanda basi," nikamwambia, "mradi ukome kulia."

Maji yakaletwa. Akautoa mkono wangu kwenye tanzi polepole, akaulaza juu ya mto, akauzungushia taulo la moto kutoka kwenye kisukusuku hadi dole gumba, na juu yake akafunga leso ili joto lisitoke. Vidole viwili vya mwisho vikabaki nje.

"Yaungua?"

"Siungui."

"Hata kidogo?"

"Sihisi kitu."

"Waona!" akamwambia jirani. "Umekufa kabisa. Lete mengine, yatokote."

Akafungua, akakamua upya, akafunga. Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Kila nilipojibu "sihisi," moyo wake ulivunjika, na kila ulipovunjika akaongeza moto. Kipimo chake kilikuwa kinywa changu, na kinywa changu hakikuwa na habari ya mkono. Hakufanya pupa wala hakuiba kazi ya mtu. Alifanya kama alivyofundishwa, barabara, kwa mkono ambao waliomfundisha hawakupata kuuona.

Akiwa anarudisha taulo mara nyingine, ukingo wake ukateleza ukagusa kidole changu cha mwisho. Kile hakikuwa kimelala sana. Kikaruka peke yake, na ndani yake nikasikia moto wa ajabu, moto wa kaa.

"Ondoa! Ondoa nguo hiyo!"

"Umehisi? Alhamdulillahi! Amehisi!"

"Ondoa, nakwambia!"

Akaondoa akitabasamu. Kisha tabasamu likamfia usoni. Mkono ulikuwa mwekundu kama kaa wa pwani aliyepikwa, malengelenge yamesimama juu ya kigasha, chini ya kisukusuku, na kipande cha ngozi ya dole gumba kikaondoka na taulo. Nami sikuhisi chochote. Nilitazama ngozi yangu ikining'inia kwenye taulo la mtu kama uzi uliofumuka, na maumivu hayakuwapo.

Jirani akakimbilia dawa ya meno. Mke wa mwanangu akaleta yai. Nikawaambia atakayenipaka kitu nitampiga kwa mkono wa kushoto. Nikaagiza tuktuk.

Jua lilikuwa bado linazama tulipofika hospitali. Aliyeniosha mkono alikuwa kijana mpole. Aliumwagia maji baridi muda mrefu, akiniuliza kila mara kama naumwa.

"Siumwi. Naona tu."

Niliutazama ukioshwa kama samaki wa mtu mwingine sokoni. Ndipo akaja yule muuguzi wa alasiri, ameitwa. Alipoona mkono akajishika mdomo.

"Lakini tulimweleza mwanao!" akasema. "Tulimwambia mkono usiguswe na kitu cha moto wala barafu mpaka ganzi iishe. Mkono hauwezi kujua."

Hapo ndipo hasira ilipopata mlango. Nilikuwa sijaambiwa. Nilikuwa nimeambiwa habari za kope, na za sauti, na za pumzi, na za kidole cha mwisho, mambo yote yasiyodhuru. Hili moja lenye kudhuru lilipitishwa juu ya kichwa changu.

"Mkono ni wa nani?" nikamuuliza.

"Wako, nyanya."

"Na haya yaliyo pande mbili za kichwa changu ni nini?"

Akayatazama masikio yangu.

"Mle ndani nilikuwa macho tangu mwanzo hadi mwisho. Mmenisikizisha habari za mpira. Mmenisikizisha sofa ya mtu nisiyemjua. Neno moja tu lilikuwa langu, neno moja, nalo mkalichukua mkalipeleka mlangoni kwa mtu mwingine. Kwa nini? Kwa sababu yeye ana suruali na funguo mkononi? Ganzi mliitia mkononi, muuguzi. Masikio hamkuyatia."

Akasema pole. Nikamwambia pole aipeleke kwa wale atakaowahudumia kesho, iwafae. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango akisikia yote. Sijapata kumwona amekuwa mdogo hivyo tangu tulipokuwa watoto.

Nililazwa, kitanda kikapatikana. Alfajiri mkono ukaanza kuamka kama alivyosema yule binti, na ulipoamka ulileta maumivu yake yote pamoja, ya mfupa juu na ya moto chini, kama wageni wawili wasiopatana wanaofika mlango mmoja. Sitayaeleza. Waliozaa watajua, na wasiozaa hata nikiwaeleza watasema naongeza.

Yule binti wa usingizi alikuja asubuhi kabla hajavaa koti lake. Akautazama mkono, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Kosa ni letu, nyanya. Ningekuambia mimi, kwa mdomo wangu. Nilidhani wodini watakuambia."

"Wewe ulidhani wodini, wodini wakadhani mwanangu, na mwanangu akadhani nini, Mungu ndiye ajuaye."

"Kunja dole gumba."

Likakunjika nusu, likakwama. Akanigusa ncha yake kwa pamba. "Wasikia?"

"Naona unagusa."

"Sikuulizi unaona."

"Basi sisikii."

Akaniambia bila kuzunguka kwamba ganzi imekwisha, na kwamba hapo pasiposikia si dawa tena, ni moto. Huenda pakarudi, huenda pasirudi. Nilimheshimu kwa kuniambia. Kumsamehe, siku ile sikumsamehe.

Mwanangu alifika akiwa bado na fulana yake ya kung'ara ya bandarini. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Shikamoo, mama."

Sikuitika upesi. Nilimwacha aisikie ile nafasi tupu.

"Marahaba. Muuguzi alikwambia nini jana?"

Akaanza kuyataja, na wallahi aliyajua yote. Dawa ya saa hii, dawa ya saa ile, mkono usining'inie, usiguswe na moto. Hakusahau hata moja. Nilitamani angekuwa amesahau.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Mama, nilidhani si jambo. Ni nani atakayekuunguza nyumbani kwako?"

"Asiyejua. Na asiyejua hujulishwa."

"Sikutaka kukutia hofu."

"Nilikatwa mfupa nikiwa macho, nikawatania walionikata. Hofu gani uliyoogopa kunitia wewe?"

Akalia. Ni mtu mzima, ana mvi masharubuni, akalia akishika ukingo wa kitanda changu. Sikumpangusa. Mkono wa kumpangusa ulikuwa umefungwa, na wa kushoto sikuutaka.

Nataka niseme hapa jambo ambalo vijana hawalipendi. Mtu akizeeka, watu wanaomtunza huanza kumzungukia kama ua wa makuti. Wana nia njema. Anayemwuliza hali huuliza ua. Anayemletea habari huupa ua. Duka la dawa wanamuuliza mwanangu kama natembea. Fundi wa miwani alimuuliza mke wa mwanangu kama naona, nami nimemkodolea macho. Siku moja ua ule unaungua, na aliye ndani hakuambiwa kwamba kuna moto.

Mfupa ulipona. Bamba limekaa sawasawa. Nikipapasa nalihisi chini ya ngozi, na nainua bega kama zamani. Kazi ya daktari wa mifupa haina lawama, na ile ya sindano za shingoni haina lawama. Nilirudi kutazamwa mkono mara nyingi, na mara ya mwisho mwanangu aliposimama kuingia nami kwa daktari, nikamwambia aketi kwenye benchi.

"Mama, nije nisikilize..."

"Keti."

Nikaingia peke yangu. Nikamwambia daktari aliyekuwapo aseme nami, aseme polepole, na nisipoelewa nitauliza. Akasema nami. Nikayarudia maneno yake mbele yake mpaka akasema ndivyo. Nikatoka. Mwanangu akainuka kwenye benchi.

"Amesema nini?"

Ningeweza kumpita. Nilikuwa na haki hiyo, na nilikuwa na hamu nayo. Lakini niliketi kando yake nikamweleza neno kwa neno, sikuliacha moja, wala sikupima lipi litamtia hofu. Ngozi mpya imefunga vizuri. Dole gumba litakunjika zaidi nikilifanyisha kazi, ila halitakunjika lote. Ncha yake na ubavu wa kigasha havitarudi kujua moto na baridi. Uzi sitauhisi tena. Na kila maji nitakayotia mkono huu, maisha yangu yaliyobaki, yapimwe kwanza na mkono mwingine.

"Umeelewa?" nikamuuliza.

"Nimeelewa, mama."

"Hivyo ndivyo habari inavyofikishwa."

Dada yangu hajatia mtu maji ya moto bila kuuliza tangu siku ile. Akiitwa kukanda, kwanza huuliza kama mtu amechomwa sindano ya ganzi, na kama haelezwi vyema huondoka na sufuria lake. Mimi bado sijamaliza hasira yangu naye. Nimejaribu, haimaliziki. Lakini kila jioni huja kwangu, hata mvua ikinyesha. Nina mkono wa kushoto wa kupimia maji, naye anajua ninao. Hukunja mkono wa nguo, hutumbukiza kisukusuku chake kwenye beseni langu, mahali ambapo ngozi yake haijazoea moto, na hungoja kidogo.

"Yafaa," husema.

Nami natia mkono wa kulia.